Sura ya Sita: Usipotokea, Nani Atauliza?

Siku hizi kusudi la maisha linauzwa kwa kiingilio. Pita Jumamosi kwenye kumbi za mikutano za Dar es Salaam utaona mabango: mzungumzaji amekunja mikono, suti imemkaa, na chini yake ahadi kwamba kijana ataondoka hapo akijua kwa nini alizaliwa. Nimewahi kuingia. Ukumbi ulijaa wahitimu wa vyuo, wauza vipodozi wa mtandaoni, makarani waliochoka, na mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni. Tuliambiwa tufumbe macho, tujitazame ndani, tuandike ndoto zetu kwenye karatasi, kisha tumgeukie jirani na kumwambia, "Wewe ni wa pekee." Jirani yangu aliniambia hivyo huku anatazama simu yake. Chai na sambusa zilikuwa nzuri, hilo siwezi kulikana.

Siwacheki waliokwenda. Mtu mwenye shahada ambaye amezungusha bahasha ya vyeti ofisi hadi ofisi ana haki ya kununua matumaini popote yanapouzwa. Ninachopinga ni mahali alipoelekezwa. Aliambiwa kusudi limelala ndani yake, kilichobaki ni kuliamsha. Nimetazama watu wakifanya kazi, wakipoteza kazi na wakipata kazi zisizo na ladha, na nimefikia kuamini kwamba kusudi halikai ndani ya mtu. Linakaa kwa wale wanaomngoja. Ukitaka kujua kama kazi yako ina maana, achana na hisia inayokupa. Jiulize, kesho usipotokea, nani atauliza?

Ushahidi wangu wa kwanza ni wa zamani na unatoka mbali. Kusini-mashariki mwa Vienna, Austria, kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal, kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Kati ya 1929 na mwanzo wa 1930 kiwanda kilifungwa, na sehemu kubwa ya kijiji hicho cha familia 478 ikabaki bila ajira. Mwishoni mwa 1931 kikundi cha watafiti vijana kiliingia pale, miongoni mwao Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel. Hawakutaka kuwa wageni wa kupiga chabo tu: waligawa nguo, walileta daktari, waliendesha darasa la kukata mitindo ya nguo, ili kila mtafiti awe na sababu ya kuonekana kijijini. Posho ya serikali kwa wasio na ajira ilikuwapo, ndogo na yenye ukomo. Watafiti walitaka kujua kinachompata mtu ambaye ghafla amepewa muda wote duniani.

Mimi ningetegemea wasome, walime bustani, wazidishe siasa. Ikawa kinyume. Kijiji kilikuwa na maktaba, na ada ya kuazima ilikwisha kuondolewa. Hata hivyo vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Gazeti la chama lilipunguzwa bei kwa wasio na kazi, na bado wasomaji walipungua. Bustani kubwa ambako watu walizoea kutembea siku ya mapumziko iliota magugu, na mamia ya watu wenye mikono mizima walipita kando yake kila siku bila kung'oa hata jani moja. Watafiti walijibanza dirishani wakapima mwendo wa wapita njia: wanaume walitembea polepole, wakasimama kila mara bila sababu. Wengi walikuwa wameacha kuvaa saa. Walipoombwa waandike walivyoitumia siku, walikumbuka kuamka, chakula cha mchana na kulala. Saa zilizobaki katikati hawakuweza kuzieleza.

Wanawake walitembea haraka zaidi. Hao nitawarudia.

Jahoda alikuja kufungwa na serikali ya nchi yake mwaka 1936 kwa shughuli zake za siasa, na mwaka uliofuata akaenda Uingereza. Miongo baadaye aliandika kwamba ajira humpa mtu mambo ambayo hayamo kwenye bahasha ya mshahara: siku yenye mpangilio, watu wa nje ya familia, lengo linaloshirikisha wengine, hadhi, na ulazima wa kujishughulisha. Nikiyasoma hayo naona ni jambo moja linalobadilisha nguo. Siku hupata mpangilio kwa sababu kuna mtu anakungoja saa moja na nusu. Hadhi hutoka kwa mtu anayesema "mwacheni afike kwanza". Wanaume wa Marienthal walivua saa kwa kuwa hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye wangeweza kumchelewea.

Mwaka 1930, kiwanda cha Marienthal kilipofungwa, mchumi wa Kiingereza John Maynard Keynes alichapisha insha kuhusu maisha ya wajukuu wa zama zake. Alikadiria kwamba baada ya miaka mia moja mitaji na mashine zingekuwa zimeongeza utajiri kiasi kwamba saa 15 za kazi kwa wiki zingetosha. Miaka mia hiyo inatimia 2030, na sijamwona wa kumpongeza. Utajiri aliouzungumzia ulikuja katika nchi zile. Saa hazikupungua kama alivyodhani. Lakini watu husahau kwamba Keynes mwenyewe aliandika kwa hofu. Alijiuliza binadamu aliyezoeshwa kuhangaika kwa vizazi vyote atafanya nini siku hangaiko likiondoka. Angepanda treni hadi Marienthal angeona jibu limesimama barabarani, mikono mfukoni.

Sisi huku hatujapata nafasi ya kuogopa uhuru wa namna hiyo. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya kuchunguza ukosefu wa ajira. Uliwakuta watu wasio na ajira wakiwa kazini tangu alfajiri: wanaofua vyuma, wanaoshona, wanaouza mboga, wanaotengeneza viatu. Shida kubwa, ujumbe ukaeleza, ilikuwa watu wanaofanya kazi kwa nguvu zao zote na bado ni maskini. Taarifa ile ndiyo iliyoisambaza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, ambayo Wakenya, kwa macho yao wenyewe, waliiita jua kali.

Tanzania tulikuwa na namna yetu. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya nguvukazi, na Dar es Salaam ikashuhudia misako ya watu walioitwa wazururaji, wakusanywe na kupelekwa vijijini wakalime. Mtu alisimamishwa na kutakiwa kuonyesha kitambulisho cha kazi. Muuza karanga hakuwa nacho. Kwenye orodha ya serikali hakuwamo; na wateja waliozoea kumkuta pale pembeni ya kituo, wakaja asubuhi wasimwone, hakuna afisa aliyewauliza kama mtu huyu ni mzururaji. Wangejibu vizuri kuliko kitambulisho. Kaulimbiu zimepokezana tangu enzi za "Uhuru na Kazi" hadi "Hapa Kazi Tu" ya 2015. Desemba 2018 wamachinga wakaanza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na mwishoni mwa 2021 wakaondolewa kando ya barabara wakapangwe kwingine. Serikali bado inauliza mtu ana karatasi gani. Kwa bara ambalo, kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ya 2018, takriban asilimia 86 ya wanaofanya kazi wako nje ya mfumo rasmi, hilo ni swali la kuwauliza wachache sana.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio mjini Tanga. Kibanda chake kilijaa redio za National na Philips zilizofunguliwa migongo, na harufu ya risasi ya kuchomelea. Zikaja redio za bei ya chini, ambazo kuzitengeneza ni ghali kuliko kununua nyingine. Baadaye zikaja simu zenye redio ndani. Wateja wakakatika. Hakufunga. Watu waliendelea kupita: mmoja anaacha funguo apewe mwanawe akitoka shule, mwingine ana rimoti iliyogoma, mwingine anataka kujua gari la msibani linaondoka saa ngapi. Alipougua na kibanda kikashinda kimefungwa, nyumbani kwake hakukukauka watu wa kuuliza. Husemwa kwamba teknolojia iliua kazi yake. Nijuavyo mimi iliua malipo. Mtaa uliendelea kumngoja kwa kila jambo isipokuwa lile moja ambalo ulikuwa tayari kulilipia, na mkewe ndiye aliyebeba gharama, kwa jiko la maandazi lililowashwa saa kumi usiku. Nasema hivi ili nisionekane ninapaka asali umaskini. Kungojwa hakuliwi na ugali.

Ila mashine nyingine huja na watu wapya wa kungojwa. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata ikafika Tanzania kupitia Vodacom. Majaribio yake ya mwanzo yalilenga kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Wateja wakaigeuza, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na kampuni ikawa na busara ya kuwafuata. Kabla ya hapo pesa ya kijijini ilisafiri kwenye bahasha mkononi mwa dereva wa basi, au kwa hati ya posta, au kwa binamu ambaye njiani alikutana na shida zake mwenyewe.

Wahandisi walijenga mtambo wa kuhamisha salio. Mtaa ukapata wakala. Ana mwamvuli, stuli, daftari na simu zilizochakaa vitufe; anahangaikia floti tangu asubuhi, maana akiishiwa, mteja anavuka barabara. Baada ya muda mfupi anajua mambo ambayo mjumbe wa nyumba kumi hayajui. Anajua bibi yupi hutumiwa na mwanawe aliye Muscat, na kwamba mwezi huu pesa imechelewa. Anamsomea ujumbe, anamhesabia, anamkumbusha asimtajie mtu namba ya siri. Bibi akija mbio na simu yenye ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wakala humzuia na kumweleza kwamba hao ni matapeli; kwa huduma hiyo yeye halipwi kamisheni. Nimekaa sana kwenye viti vya mawakala. Ni kazi ya kipato chembamba, lakini akichelewa kufungua utakuta watu watatu wamesimama kwenye kivuli cha mwamvuli uliofungwa, wakimtafuta kwa simu.

Sasa teknolojia ileile iliyomleta inamzunguka. Dukani kuna Lipa Namba, kwenye simu kuna programu ya benki. Pesa inazidi kuzunguka bila kugeuka noti, na yeye analipwa noti zinapoingia au kutoka. Sina uchungu na Lipa Namba, naitumia kila siku. Ninachosema ni kwamba hesabu za ufanisi zinazofanywa makao makuu hazina safu ya yule bibi na ujumbe wake.

Tazama pia kijiwe cha bodaboda. Aliyekulia mjini anajua kwamba kijiwe ni taasisi: kina mwenyekiti, kina zamu, kina mchango wa anayepata ajali, kina adhabu ya anayemtukana abiria. Dereva anapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, au yuko kwenye mkataba, akimaliza pikipiki inakuwa yake. Mama anampa mtoto wa darasa la pili ampeleke shule, kwa kuwa anamjua, anajua na kwao. "Boda wangu," husema, na asubuhi boda wake asipofika simu inaita mara moja. Pembeni ya kijiwe, kama ilivyo kwenye vituo vya daladala, yuko deiwaka. Hana chombo, anashinda pale akitumaini mwenye chombo atachoka au ataumwa ili ashike usukani kwa saa chache. Deiwaka ndiye mtu anayenisikitisha kuliko wote mjini, na si kwa sababu ya kipato peke yake. Yeye anangoja. Yeye hangojwi.

Programu ya kuita usafiri ya Uber iliingia Dar es Salaam mwaka 2016, nyingine zikafuata, na faida yake iko wazi. Mwanamke anayetoka zamu ya usiku anajua nauli kabla hajapanda, na safari yake ina kumbukumbu. Lakini programu inamfanya kila dereva kuwa deiwaka mwenye chombo. Abiria anangoja pikipiki yoyote iliyo karibu. Akighairi huyu anakuja yule, na jina linaonekana kwenye kioo kwa muda wa safari tu. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) iliweka ukomo wa asilimia 15 kwenye kamisheni wanazokatwa madereva, Uber ikasimamisha huduma Aprili, ikarejea mapema 2023 baada ya ukomo huo kulegezwa. Yalikuwa mabishano ya haki, kwa sababu asilimia hizo ni chakula cha watoto. Hata hivyo sikusikia mezani swali la dereva ambaye akaunti yake imefungwa usiku kwa malalamiko ya mtu asiyemjua. Kijiweni angeitwa, angejitetea mbele ya mwenyekiti, angetozwa faini ya soda, yakaisha. Kwenye programu anaandikiwa ujumbe, na asubuhi abiria wake wa jana wanapanda wengine bila kujua kwamba kuna mtu ameondoka.

Madereva wenyewe wamelielewa hili kabla ya wataalamu. Ukisogea kwenye maegesho wanakosubiri wito utawakuta na makundi ya WhatsApp, wanachangiana misiba, wanaonyana kuhusu mitaa yenye vibaka. Wanajenga kijiwe upya, juu ya mtambo uliokusudiwa kukifanya kisiwe na haja.

Nairobi kuna mfano mgumu zaidi. Kuanzia Novemba 2021 vijana wa kampuni iitwayo Sama walisoma na kuainisha maandishi kwa ajili ya kampuni ya akili mnemba ya OpenAI, mengi yakiwa maelezo ya ukatili na udhalilishaji, ili mashine ifundishwe kuyatambua na kuyakataa. Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba waliofanya kazi hiyo walibakiwa na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kabla ya hapo, Mei 2022, Daniel Motaung, aliyekuwa akichuja picha na maandishi ya Facebook jijini humo, alikwisha kufungua shauri dhidi ya Meta, mmiliki wa Facebook, na Sama. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo.

Mshahara mdogo na majinamizi ya usiku vimeandikwa vya kutosha, na ni haki viandikwe. Mimi nimekwama kwenye jambo jingine. Kwa kipimo cha manufaa, ni kazi chache zilizowagusa watu wengi duniani kuliko hiyo. Mtoto anayeuliza mashine swali la hesabu huko Toronto au Mwanza amekingwa na macho ya kijana wa Nairobi. Kama kusudi lingekuwa ukubwa wa athari, kama wanavyohubiri kwenye semina zetu, vijana wale wangekuwa watu wenye kusudi kuliko wote Afrika Mashariki. Lakini aliyenufaika hakujua kwamba wapo, na wao, waliofungwa na mikataba ya siri, hawakuwa huru kusimulia nyumbani walichoshinda wakikiona. Wangeondoka, viti vingejazwa. Basi siku ile ya Mei, kabla ya dai lolote la pesa, walifanya jambo la msingi: walikaa chumba kimoja wakahesabiana.

Mimi mwenyewe hupokea mafaili ya Kiswahili kilichoandikwa na mashine, kazi yangu ikiwa kukinyoosha. Malipo si mabaya kuliko magazeti. Yanakuja usiku, yanarudi asubuhi, na sijawahi kusikia sauti ya anayeyatuma. Nikiyaacha kwa wiki kadhaa, nikirudi nakuta mafaili mapya bila hata "ulikuwa wapi?" Kwa upande mwingine, nikichelewesha makala ya kijarida cha msikiti wa mtaani, ambacho hakinilipi hata nauli, mhariri wake, mzee mwalimu mstaafu, anakuja mlangoni na fimbo yake. "Mwanangu, watu wanauliza." Sijui ni wangapi, nashuku ni yeye na rafiki yake. Lakini kazi ile huifanya nikiwa nimenyooka kitini.

Sasa wale wanawake wa Marienthal. Wengi walifanya kazi kiwandani kama waume zao na wakaachishwa kama wao, lakini muda wao haukubaki mtupu. Sufuria ilikuwa palepale na chakula cha kuitia kimepungua. Nguo ziliraruka zaidi na pesa ya nyingine haikuwapo. Walitembea haraka kwa sababu walingojwa. Na hapa nadharia yangu inabanwa, acha ibanwe. Mwanamke anayengojwa na watoto, na mume, na mkwe mgonjwa, na ng'ombe, anakosa nini cha kusudi? Bado kwenye fomu za ofisi ataandikwa "mama wa nyumbani", namna ya heshima ya kusema hana kazi, na jina lake litatajwa chakula kikichelewa tu. Wanawake niliowauliza hawaoni katika hilo utimilifu wowote. Wanaona uchovu.

Vivyo hivyo kifungua mimba mwenye mshahara. Tarehe 25 simu inaanza: ada, dawa, bati la jikoni kwa baba. Anangojwa na ukoo mzima, na anajua vema kwamba kinachongojwa ni muamala. Akiuliza "hamjambo?" anajibiwa haraka ili afike kwenye jambo. Wapo walioacha kupokea simu, na siwezi kuwahukumu.

Kwa hiyo kungojwa peke yake hakutoshi. Kuna kungojwa kunakonyonya. Tofauti, kwa nilivyoona, iko kwenye kama nawe unawangoja wao. Abiria wa kijiweni hungoja boda wake, na boda akilazwa, mama yuleyule anatoa mchango. Fundi redio aliulizwa hali kwa kuwa alikuwa akiuliza hali za wengine. Mama wa nyumbani anachoka kwa sababu siku akiumwa yeye, jikoni hapaingii mtu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wazee, na watu hunukuu msemo huo kumsuta mvivu. Mimi nausikia pia upande wa pili: aliyepewa jembe amekwisha kuwa mtu ambaye shamba litamkumbuka, na ambaye wakati wa kupakua sahani yake itahesabiwa.

Mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana. Mweka hazina, mama muuza vitenge, ana daftari kubwa lenye safu mbili baada ya jina la kila mwanachama: ya kwanza ni mchango, ya pili ni mahudhurio. Ya kwanza haijawahi kujaa vizuri kama sasa, maana rambirambi inatumwa kwa simu hata na aliyeko Dodoma au Dubai, na ujumbe wa kuthibitisha unaingia maiti ikiwa bado hospitali. Safu ya pili inazidi kuwa nyeupe. Msiba uliopita tulikosa watu wa kupokezana jeneza, ikabidi waitwe bodaboda wa kijiweni, nao walikuja wote.

Kwenye kikao kilichofuata mwanachama mmoja kijana, mhasibu, alitoa hoja kwamba safu ya mahudhurio ifutwe. Alieleza kwa adabu kwamba inawaaibisha wenye kazi za mbali, kwamba pesa ndiyo inayonunua sanda, na kwamba daftari lenyewe lihamie kwenye programu ya simu, ambayo alijitolea kuitengeneza bure. Alikuwa na hoja, na nusu ya kikao ilitikisa kichwa kukubali. Mweka hazina alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama programu yake itaweza kuonyesha nani alikesha na mfiwa. Kijana akasema inawezekana kuongeza kitufe. Mzee mmoja akataka kujua nani atakibonyeza. Mabishano yakawa marefu, adhana ya magharibi ikaingia, na hoja ikaahirishwa hadi kikao cha mwezi ujao. Mwenyekiti ameagiza atakayetaka kuipigia kura aje mwenyewe.